Mlingoti Uliomo Ndani ya Sufuria

Mpofi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu tutoke Kitshanga, wewe ukiwa na miaka saba na kuku umemfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kuku yule alifika hai. Vitu vingi vilivyobebwa na watu wazima havikufika.

Solange mwanangu,

Ni saa tisa mchana na mvua inanyesha. Uko kwa shangazi yako unaaga, na najua hatakuachilia kabla hujamaliza bugali na sombe yake, kwa hiyo nina saa mbili za kuandika bila wewe kupita nyuma ya kiti changu ukichungulia.

Sitakuandikia habari za koti, wala za baridi ya Ufaransa. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho ukiwa juu ya pikipiki, na dereva akiwa amekwisha kuwasha. Mimi nina neno moja ambalo kinywa changu kimelikataa tangu uje na ile barua ya kuitwa kazini. Nina wivu. Sisemi ule wivu mdogo wa mzee anayebaki nyumbani, ambao watu huuchekea na kuusamehe. Wangu una umri wa miaka ishirini na minne, una jina la mtu, na umetenda mambo. Jambo moja kati ya hayo liko ndani ya begi lako.

Nianze na jioni ile ulipotueleza kazi yenyewe. Mama yako alikuwa anamenya muhogo.

“Sasa mulingoti, njo ule muti ya mashua?”

“Njo ule, Mama. Lakini ya alumini. Mashua za kushindana.”

“Wanashindana kuvua samaki?”

“Hapana, kukimbia tu.”

“Wanakimbia kwenda wapi?”

“Wanazunguka, wanarudi pale walitoka.”

Mama yako aliweka kisu chini akacheka mpaka machozi. “Aa, Solange! Wale watu iko na amani!”

Nasi tukacheka. Kisha ukaeleza, na mimi nikaacha kucheka. Ulisema kila kundi la mabomba linaingia kiwandani na cheti chake: magnesiamu kiasi gani, silikoni kiasi gani, limepitia moto gani na maji gani. Ulisema hutakiamini cheti. Utakata kipande, utakivuta kwa mashine mpaka kikatike, na kama namba haziko sawa bomba halitakuwa mlingoti. Ulitaja 6082, aloi ya mabomba hayo, kama mtu anavyotaja jirani. Ulisema wenye mashua za mbio kali hupenda 7075, yenye zinki, ambayo nguvu yake inakaribia mara mbili, lakini haikubali kulehemiwa na chumvi ya bahari huitafuna ikiachwa bila kufunikwa vizuri. Halafu ukasema jambo lililonifanya niinamie sahani yangu: kwamba aloi hizo zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa, ukizitundikia mzigo mmoja hunepa karibu sawasawa. Nguvu ya aloi ni kujua itavumilia mpaka wapi kabla ya kupinda moja kwa moja. Kukaa wima bila kunepa sana kunatoka katika umbo la bomba, upana wake na unene wa ukuta wake.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, na ni kweli nilijua. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya moto na maji kule Sake, tulikokaa kabla ya Kitshanga, kutoka kinywa cha Anselme, na siku ile nilimwambia anyamaze.

Wewe ulimjua Papa Anselme akiwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jirani yetu hapa Mpofi. Mimi nilimjua akiwa bado na nguvu, fundi wa injini za boti za ziwa, mwenye shati safi. Hiyo peke yake ilitosha kunichukiza. Mimi nilikuwa msubu wa sufuria. Nilinunua mitraye, vyuma chakavu vya kila aina, pistoni za malori, fremu za madirisha, vifuniko vya injini, nikaviyeyusha pamoja, nikamimina kwenye kalibu ya mchanga. Sufuria zangu zilipanda hadi Masisi na kushuka hadi Minova. Watu waliniita baba wa alumini, nami niliitika.

Karibu na ufuko aliishi mgeni mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa na mashua ndogo ya tanga. Yeye na wenzake wa Goma walikuwa wakishindana siku za Jumapili, na safari hiyo wangemalizia kwenye ghuba yetu ya Sake. Siku nne kabla, upepo wa milimani ulimpindua, na mlingoti ukapinda katikati, si sana, kama mtu anayejikuna mgongo. Akauleta kwangu. Hakuupeleka kwa mtu mwingine, Solange. Mita sita za alumini nyembamba zilizowekwa kwenye mabega ya watu wanne zilipita katikati ya soko zikija kwangu. Bado nikikumbuka nafurahi, ingawa najua kilichofuata.

Anselme alikuja nyuma ya msafara, anafuta mikono. Aliinama kwenye shina la mlingoti, akasugua kwa kidole gumba, akasoma namba zilizochapwa pale.

“Papa Solange, usiweke hii ku moto.”

“Sababu gani?”

“Iko T6. Waliipika, wakaitia mu maji, wakaipika tena pole pole. Nguvu yake njo inatoka pale. Ukiichoma, utaiua. Kata pale imepinda, tuingize bomba ingine ndani, tupige riveti. Itakuwa fupi kidogo, lakini itasimama.”

Watu walikuwa wengi. Wewe ulikuwa na miaka miwili, umekaa juu ya gunia la makala, makaa ya kazi yangu, unakula muwa. Nikamwambia, na sauti yangu niliipandisha ili waliokuwa mbali wasikose:

“Weye uko fundi ya moteur. Alumini, njo mimi niliizaa. Nyamaza, uangalie mikono ya wenye kazi.”

Wakacheka. Mtu mmoja akasema, “Anselme, kwanza zaa yako!” Alikuwa ameoa miaka mingi na hana mtoto. Nilisikia neno hilo likipita na sikulizuia. Lilinifaa.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, kwa sababu ni kosa ambalo mtu asiye fundi asingeweza kulitenda. Wewe unajua kwamba alumini haisemi kitu motoni. Chuma cheusi hukuonya kwa kuwa chekundu. Alumini hukaa vile vile, kisha ghafla iko chini imemwagika. Kwa hiyo sisi wa zamani tuliipaka sabuni. Sabuni ikigeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, alumini imelainika vya kutosha kunyooshwa bila kupasuka. Nililijaza bomba lile mchanga mkavu lisije likabonyea, nikalipaka sabuni ya kufulia, nikalizungusha juu ya makala pole pole kama mtu anayechoma ndizi, mpaka kahawa ikaonekana sawasawa pande zote. Nikalinyoosha juu ya magogo mawili kwa goti na viganja. Lilinyooka. Nilimwaga mchanga, nikaangalia ndani yake kutoka upande mmoja hadi mwingine nikaona duara la mwanga, zima. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Kila kitu nilichokifanya kilikuwa sahihi, na kwa sababu kilikuwa sahihi niliiua nguvu yote ya bomba lile. Kama ningekuwa fundi mbaya, kama ningeupasha nusunusu, huenda ungesimama.

Jumapili ile ufuko ulijaa. Mashua ilitoka vizuri, tanga likavimba, wanawake wakapiga vigelegele. Upepo wa kwanza kutoka milimani ulipoigusa, mlingoti uliinama pale pale nilipounyoosha, bila mlio, kama jani la mgomba. Tanga likalala juu ya maji. Mgeni aliogelea, hakuumia. Ninachokumbuka ni kwamba watu wote walikuwa wanatazama ziwa, kisha, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama mimi.

Anselme hakucheka. Laiti angecheka! Mtu akikucheka unaweza kumjibu. Yeye alikwenda kusaidia kuvuta mashua, na wiki iliyofuata alikata ile sehemu laini, akaingiza bomba ndani, akapiga riveti, na mlingoti ukasimama, mfupi kidogo, kama alivyosema. Kutoka shina lake alibakiza kipande cha urefu wa mkono, chenye namba zile. Hicho kilikuwa hakijaguswa na moto wangu.

Mimi nilifanya nini? Nilikwenda sokoni nikasema maneno mawili tu, kwa mwanamke mmoja muuza chumvi: “Mukono mubaya.” Nikaonyesha kwa kidevu upande wa karakana ya Anselme. Wewe umekulia huku, sina haja ya kukueleza jina la uchawi linavyotembea. Kwamba aliugusa mlingoti kabla yangu, kwa kidole gumba, akinong'ona namba. Kwamba mtu asiye na mtoto ana sababu zake. Miezi mingi boti zilipeleka injini zao mbali na Sake. Mke wake, Mama Georgine, aliyeitwa Mama kwa jina lake mwenyewe, alikuwa anachota maji peke yake. Nami, badala ya kuyarudisha maneno yangu, nilihama. Nilisema naenda Kitshanga kumsaidia baba yangu shamba la maharage kilimani. Watu wakanisifu kuwa mtoto mwema. Hata wewe umekua ukijua kuwa tulirudi kwa ajili ya babu yako.

Tulikaa kule miaka mitano. Kisha bunduki, kisha barabara, kisha Mpofi.

Miaka mitano mingine ikapita hapa, na siku moja nikaona mtu anashuka barabarani na godoro kichwani, mke wake nyuma na sanduku la vyombo vya kazi. Walikuwa wamekimbia Sake. Katika vijiji vyote vya Walikale, amekuja hiki chetu! Aliweka godoro chini mbele ya ua wetu.

“Papa Solange,” akasema, “kumbe Mungu naye iko anapenda kuchekesha.”

Nilimpa maji. Sikumpa kiti.

Wewe ulimpa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukakimbia ndani ukaleta kile cha kwangu.

Kuanzia hapo nilikupoteza kidogo kidogo, kila siku baada ya masomo. Ulikuwa unatoka darasani unapita mlango wetu unaingia wao. Nilikuwa nasikia kucheka kwenu. Unarudi na masizi vidoleni ambayo si masizi yangu. Jioni moja ulisema, mdomo umejaa chakula:

“Papa, weye unayeyusha pistoni pamoja na madirisha. Papa Anselme anasema hazina damu moja.”

“Na hii supu unakunywa, iliivia mu sufuria ya nani?”

“Ya kwako, Papa.”

“Iliivia mubaya?”

“Hapana.”

“Basi kunywa.”

Mama yako alicheka, wewe ukacheka, na mimi nikaonekana mtu wa mizaha. Lakini kesho yake nilikukataza kwenda kule. Unakumbuka? Nilisema Papa Anselme anakohoa, utaambukizwa. Alikuwa anakohoa kwa sababu ya moshi, kama mimi. Wiki tatu ulikaa nami kwenye kalibu, ukanishikia mivukuto, na hukuniuliza swali hata moja. Ulikuwa mtiifu kabisa. Wiki hizo tatu zilinifundisha kwamba naweza kukuweka karibu nami na bado usiwepo. Nikakwambia kikohozi chake kimepona.

Nataka uelewe wivu ulivyokuwa, kwa sababu utakutana nao huko, kwa wengine au ndani yako. Mimi ni msomaji, unajua. Nilisoma kila karatasi iliyofunga sabuni na chumvi katika wilaya mbili. Nilikimbia na kamusi na kitabu kimoja cha fizikia kisicho na jalada. Ningeweza kumuuliza Anselme maana ya namba zile siku yoyote katika miaka ile. Tulikuwa na barabara tu katikati yetu. Swali lenyewe nilikuwa nalo limeiva. Lakini kila nilipotaka kuvuka nilikumbuka ufuko wa Sake na nyuso zikigeuka. Kwa hiyo nilijifunza kutoka kwako, kwa kusikiliza ukirudia masomo yake huku ukidhani nimelala, na ujuzi ule ulinifikia ukiwa na harufu ya mtu mwingine.

Ukaenda Kisangani, ukaandika kazi yako ya kumaliza chuo juu ya alumini ya sufuria zetu za mitraye. Ulipoleta kitabu, watu walinipongeza. Nilifungua ukurasa wa kwanza: “Kwa Papa yangu, aliyenilea kwa sufuria zake, na kwa Papa Anselme, aliyenifundisha kusoma metali.” Niliyahesabu maneno yale kama mwizi anavyohesabu madirisha. Ulikuwa umetugawia sawasawa. Hapo ndipo paliponiuma, kwamba mzani wako ulikuwa wa haki.

Sasa nafika kwenye begi.

Mwaka jana, kabla ya mvua kubwa, ukiwa bado Kisangani, Anselme alivuka barabara. Ilimchukua muda mrefu, alipumzika mara mbili, na mimi niliketi nikimtazama. Alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya kitenge cha Mama Georgine.

“Hii iko ya mutoto,” akasema. “Akirudi, umupatie. Njo ile kipande ya Sake, iko na namba zake. Na kaye yangu ya kuandikia.”

“Nitamupatia.”

“Usisahau, Papa Solange.”

“Nimesema nitamupatia.”

Akabaki amesimama. Nafikiri alikuwa anangojea kiti. Kisha akasema, “Sufuria zako bado hazina matundu. Sijawahi kujua unafanyaje,” akarudi kwake. Nilidhani ananidhihaki. Siku kumi na tano baadaye tulimzika.

Ulikuja kwenye misa. Ulilia kwenye kaburi lile jinsi ambavyo sijui kama utalia kwenye langu, na ukasema kwa sauti, mbele ya kwaya, “Papa yangu wa pili.” Nikarudi nyumbani kabla ya wengine. Nikawasha makala. Niliweka katika chungu cha kuyeyushia pistoni mbili, fremu moja ya dirisha, na juu yake ule mlingoti wa Sake, kipande alichokuachia. Haukutaka kulala, ulikuwa mrefu, ukasimama ndani ya moto na namba zake juu: 6082, T6. Nilizitazama mpaka zikazama. Nikasubu sufuria yenye mfuniko, ndogo, ya mtu anayeishi peke yake, na nikaipiga msasa siku mbili.

Nilikupa siku unarudi Kisangani. “Nimekusubia hii,” nilisema. Uliipakata. Umeipikia mwaka mzima, na jana nimekuona ukiifunga ndani ya sweta katikati ya begi, mahali watu wanapoweka vitu vya kuvunjika, ukimwambia mama yako, “Hii njo Papa. Inaenda na mimi.”

Nilipanga kuiweka barua hii chini ya mfuniko, uisome ukiwa mbali, mahali ambapo uso wako usingenifikia.

Kaye sikuichoma. Mimi siwezi kuchoma maandishi, na huo si wema, ni mazoea tu. Ilikaa mwaka mzima nyuma ya kamusi. Jumanne hii nikaifungua ili niwe nimekwisha kujua yote kabla ya kukuandikia. Kurasa nyingi ni namba, aloi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeogopa karatasi kuisha. Katikati kuna ukurasa wa Sake. Nakunakilia, kisha utausoma mwenyewe:

“Sabuni ya Papa Solange. Nimeipima na kipimo cha joto cha garage. Inakuwa kahawia karibu na mia nne, kila mara. Hakukosa moto. Mimi njo nilikosa namna ya kumuambia. Nilisema mbele ya watu, na yeye alikuwa na mutoto yake pale anaangalia. Ningemuvuta pembeni.”

Na chini yake, kwa wino mwingine: “Ule mulingoti ungepona. Oven ya mia tano na thelathini, maji baridi, kisha mia na sabini kwa saa nane ao kumi. Lakini nani Sake iko na oven ya mita sita?”

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi tangu Jumanne. Nilitaka nimkute amenitukana. Ingekuwa nafuu. Kumbe kwa miaka yote hii alikuwa anajilaumu kwa neno la kweli alilolisema, na mimi sikujilaumu kwa neno la uongo nililomsemea sokoni. Na pale alipokuwa amesimama mlangoni kwangu akitaja sufuria zisizo na matundu, alikuwa ananiuliza swali. Swali lile lile ambalo mimi sikuvuka barabara kumuuliza. Ningeweza kumjibu: usiikoroge alumini ikishakuwa tayari, na kausha kila kitu, hata kijiko. Ni hayo tu. Sasa nimekujibu wewe.

Ukitaka kujua nilichojifunza, ni kidogo na nimekilipia sana. Utakapomwonea mtu wivu, na utamwonea, maana huko watakuwapo watu waliozaliwa katikati ya mashine hizo, mwendee na swali mapema, kabla hujapata la kumsema. Na utakapomwona mzee anakosea mbele ya watu, mvute pembeni. Utakumbuka nani alitaka kufanya hivyo.

Utakapofika unaweza kuipima sufuria kwa mashine zenu. Utakuta silikoni ya pistoni, shaba kidogo, chuma kilichotoka kwenye misumari ya fremu, na ndani yake, umetawanyika kila mahali, mlingoti wa Papa Anselme. Ule wa ufukweni, nilioulainisha kwa makala, ungeweza kupona. Yeye mwenyewe ameandika namna. Huu nilioutia pamoja na vingine, wewe unajua kuliko mimi kwamba hakuna tanuri litakaloutoa.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango wangu. Nimeitoa sufuria ndani ya sweta. Iko juu ya meza, kaye iko pembeni yake, na barua hii itakuwa juu yake utakaporudi kutoka kwa shangazi yako. Isome leo, nikiwa ndani ya nyumba. Kesho asubuhi, ukiibeba, nitaona. Ukiiacha mezani, nitaona pia, na sitamwambia mama yako sababu ila ukiniruhusu. Mvua ikikatika nitavuka barabara kwenda kwa Mama Georgine. Nina neno la muuza chumvi la kumrudishia, na sijui kama atanipa kiti.

Limebaki jambo moja. Jana ulisema utafanya kazi huko miaka minne, kisha urudi tujenge karakana Kitshanga, kwenye kilima cha babu yako, wewe na vipimo vyako, mimi na kalibu zangu. Uliniuliza, “Papa, utaningojea?” Nikajibu, “Nitakungojea, tutarudi pamoja.” Mama yako alinitazama kisha akatazama moto.

Ile nayo ilikuwa kazi ya wivu. Nilitaka uondoke na kamba mguuni, na nikiivuta, ile mashua yako izunguke irudi pale ilipotoka. Ukweli nimeujua siku nyingi. Kilima kile kinalimwa na watu ambao watoto wao wamezaliwa pale. Njia ya kisimani siikumbuki tena bila kukosea. Udongo wa kalibu yangu ni wa Mpofi, hata mbegu yangu ya maharage ni ya hapa, na mtu niliyemtendea vibaya kuliko wote amezikwa upande wa pili wa barabara hii. Niliendelea kusema “tutarudi” kwa sababu kila niliposema hivyo uliniangalia kana kwamba nina mahali pa kukupeleka ambapo Anselme hakuwa napo.

Nenda ukavute mabomba yako mpaka yakatike. Rudi ukipenda, mahali utakapopenda, kwa ajili ya kazi yako au kwa ajili ya mama yako. Usirudi kwa ajili ya safari ile, kwa sababu haipo.

Mimi Kitshanga sitarudi.